Lala Chini

Kazi ilikwisha Jumatano. Kikaushio cha chai
kikanguruma kama nilivyowaahidi wenye kiwanda,
nikanawa grisi kwa mafuta ya taa, nikasema: basi.
Tiketi mfukoni, Jumamosi alfajiri,
Fort Portal hadi Kampala, Kampala hadi Mutukula,
kisha nchi yangu yote, urefu wake, hadi Tukuyu.
Begi nilikwisha lifunga. Ndani
kitenge cha Tumpe, na viatu vya Ambakisye
nilivyovipima kwa uzi niliotoka nao nyumbani,
urefu wa mguu wa mtoto
uliokunjwa katikati ya pasipoti.

Alhamisi baridi ikanishika.
Nikadhani ni ya mlima. Ruwenzori ilikuwa imechungulia
asubuhi ile, nyeupe, kisha ikajirudisha mawinguni
kama mtu aliyefungua mlango
akakuta siye mgeni aliyemngoja.
Nikavaa koti. Nikavaa ovaroli juu ya koti.
Meno yakagongana. Mimi ni fundi,
naujua mlio wa kitu kinachotaka kukatika.

Mwenye nyumba ya wageni, Mama Kabasinguzi,
wiki mbili alinisemesha kwa mikono.
Kiswahili hakipendi, mpwawe aliniambia.
Alikiokota usichana wake, zama za bunduki,
kwenye vizuizi vya barabarani, uso mavumbini,
maneno tisa, labda kumi,
yote ya amri.

Ijumaa usiku nikaanguka mlangoni mwa choo.
Nikasikia kandambili zinakuja mbio,
kisha sauti kavu, kali, ya mwenye zamu:
Lala chini!
Nikalala. Chini palikwisha tandikwa mkeka.
Toa shati!
Nikatoa. Kitambaa chenye maji kikanipita mgongoni,
polepole, mfupa kwa mfupa.
Fungua!
Mdomo, alimaanisha. Uji wa ulezi,
kijiko, kijiko, mwingine ukimwagikia kidevuni.
Hapana tingisika!
nami natingisika kama bati lililong'oka msumari,
akanilalia mabegani kwa uzito wake wote
mpaka homa yenyewe ikatii.

Jumamosi honi ya basi ikalia mara mbili
ikaondoka na kiti changu.

Zahanati. Kidole kikachomwa, malaria ikaonekana,
chupa ikaning'inizwa kwenye msumari wa kalenda.
Nesi akauliza jina, akaandika.
Akauliza na lile jingine, la upendo,
wanaloitana huku hata waliogombana.
Nikasema kwetu hatuna.
Kalamu ikangoja. Kutoka mlangoni,
bila kuacha kukunja kanga yangu iliyolowa jasho,
Mama akasema: Araali. Andika Araali.
Nikauliza maana yake.
Nesi akacheka. Hilo si la kutafsiri, kaka,
ni la kuitikia.

Nikajifunza kuitikia.
Siku mbili nilikuwa Araali wa kitanda cha dirishani,
nikinyweshwa vidonge kwa amri
na mwanamke aliyeyatoa maneno yale
kwenye mitutu, moja moja,
akayapangusa, akanilaza juu yake.
Sikumwambia kitu. Ningemwambia kwa lugha ipi?

Jumatatu akanisindikiza stendi, begi kichwani pake,
akikataa nilishike hata mpini.
Nikapanda. Nikafungua dirisha.
Akainua uso, midomo ikafunguka, ikafunga,
nikajua anapekua yale maneno yake tisa, labda kumi,
na hakuna hata moja la kuaga.
Dereva akatia gia.
Ndipo akalipata, lile la mwisho,
lile ambalo pale kizuizini
watu wote ndani ya gari
walikuwa wakiliomba kimoyomoyo.
Akapiga ubavu wa basi kwa kiganja.
Pita, akasema, taratibu.
Araali, pita.